Vitunguu Havisubiri Fatwa

Kuna hatua moja katika upishi wa pilau ambayo ukishaingia hutoki. Ni pale vitunguu vinapoanza kubadilika rangi. Kabla ya hapo mpishi ni mtu huru: anaweza kwenda kufungua mlango, kugombeza mtoto, hata kusoma ujumbe wa simu na kuujibu. Vikishaanza kugeuka, uhuru umekwisha, kwa sababu kati ya hudhurungi inayotakiwa na weusi usiotakiwa hakuna kituo cha kushukia. Vikipitiliza, sufuria nzima inakuwa chungu na hakuna bizari ya kuiponya. Mke wangu ni mtu wa Tanga, na sijamwona bado mtu wa Tanga anayezungumza na mumewe vitunguu vikiwa motoni.

Naeleza haya mapema ili msomaji ajue mazingira ya kesi. Hukumu iliyopitishwa juu yangu jioni ile ilipitishwa kwa haraka, na jaji, mwiko mkononi, alikuwa na jambo jingine la kuangalia. Nami nakata rufaa.

Wageni walikuwa wakwe zangu. Wametoka Tanga, mji wa waja leo waondoka leo, ingawa wenyewe wakija Dar es Salaam hawana haraka yoyote ya kuondoka. Sisemi kwa ubaya. Mama mkwe akiwapo, nyumba inanukia udi na watoto wanakumbuka kwamba kuna neno linaitwa shikamoo. Baba mkwe ni maalimu aliyefundisha madrasa miaka mingi, mtu mpole, asiye na ugomvi na mtu, ila mpe suala gumu la dini uone macho yanavyong'aa. Ulikuwa usiku wao wa kwanza kwetu, na usiku wa kwanza wa wakwe hupikwa pilau la nyama. Sheria hiyo sikuitunga mimi.

Ununuzi niliachiwa kwa kuwa kibarua changu kiko mjini, karibu na Kariakoo, na kwa kuwa mke wangu hana imani na bucha za kwetu Tabata. Anasema zinapima mfupa kwanza, nyama baadaye. Orodha aliniandikia asubuhi wakati nafunga kamba za viatu, juu ya karatasi ya kwanza aliyoiona mezani, nayo ilikuwa kadi ya mchango wa harusi. Nyumba gani ya Dar haina kadi hizo? Mbele kulikuwa na jina langu kwa mwandiko wa madoido, maua mawili, ombi la mchango, na namba ya simu ya mhazini. Nyuma kulikuwa na nyama kilo 3, viazi, iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, bizari nzima, tangawizi, kitunguu swaumu, nyanya na ndimu za kachumbari. Chini kabisa aliandika "mfupa kidogo" na kupigia mstari, mstari wenyewe ukatoboa kadi.

Nilinunua kila kitu. Hilo liingie kwenye kumbukumbu. Nyama ilikatwa nikiwa nimesimama pale pale, na mifupa miwili niliikataa kwa jina. Karafuu niliambiwa ni za Pemba, na sikuona sababu ya kubisha. Iliki zilipimwa kwa kijiko, na niliposikia bei nilizihesabu. Kadi niliitumbukiza mfukoni pamoja na bidhaa, kama mtu yeyote mwangalifu anavyoweka risiti.

Sasa tuje kwenye mfuko wenyewe, maana ndio mzizi wa fitina. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania, na mazingira yamefaidika, sina la kupinga. Lakini rambo ilikuwa na tabia moja ambayo hatukuithamini ilipokuwapo: ilipasuka. Mtu aliyepasukiwa na rambo katikati ya Mtaa wa Msimbazi alivijua vitu vyake vyote, kwa kuwa alikuwa ameviokota kimoja kimoja mbele za watu. Mifuko ya siku hizi ni ya kitambaa kigumu, haipasuki, haionyeshi ndani, na vijana wanaotembeza mitaani wanaiuza kutoka furushi moja. Soko kuu la Kariakoo, lile jengo la msanifu Beda Amuli lililofunguliwa 1975, lilipoungua Julai 2021, wengi wetu tulizoea kununua mahitaji yetu barabarani, na kule barabarani jioni ile kila aliyenunua mfuko alinunua wa bluu. Nilinunua wa bluu. Ningenunua wa rangi gani?

Kwenye daladala konda aliukamata mlangoni akaupanga mbele, karibu na dereva, juu ya mizigo ya wenzangu. Nikabanwa nyuma, kwapa la mtu usoni. Tulipoanza kujongea Barabara ya Uhuru, mke wangu akapiga.

"Umefika wapi?"

"Buguruni," nikasema.

Kwa usahihi wa kijiografia tulikuwa bado Ilala. Lakini mtu wa Dar akiulizwa yuko wapi hutaja kituo kinachofuata, na anayeuliza hurudisha nyuma kituo kimoja kichwani mwake. Ndivyo mji huu unavyoelewana. Mke wangu anaijua hesabu hiyo vizuri, kwani yeye mwenyewe huwa "nimeshatoka" akiwa bado anatafuta mtandio. Jioni hiyo, kwa sababu anazozijua yeye, aliamua kuniamini. Akawasha mkaa, akabandika sufuria, akamimina mafuta. Kwa kuwa muda ulikuwa umekwenda, aliamua pia kwamba nyama haitachemshwa pembeni. Itaingia mbichi ndani ya vitunguu na kujiivia humo humo. Mchele ulikuwa umeshachambuliwa na kulowekwa.

Tabata Bima nikashuka kupitia mlangoni, mzigo ukashuka kupitia dirishani. "Mzee, wako huu! Twende, twende!" Mfuko wa bluu, mzito, kingo zimetuna. Gari likaondoka na mguu wa konda ukiwa bado nje. Naomba mahakama ijiulize: ni mume gani, katika mazingira hayo, angechutama kando ya barabara kukagua nyama?

Niliingia jikoni vitunguu vikiwa rangi ya asali.

Mke wangu hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, nikamkabidhi mfuko, akaupakata na kuanza kuchopoa. Kilichotangulia kutoka kilikuwa chana ya ndizi mbichi, zile ndefu za Bukoba. Ikafuata chana nyingine. Ikafuata ya tatu.

"Nyama iko wapi?"

"Imo humo," nikasema, kwa maana muda huo imani yangu ilikuwa haijayumba.

Akatoa maharage, kilo mbili hivi. Akatoa vipande vya sangara aliyekaushwa kwa moshi, vimefungwa kwa gazeti. Akatoa kifurushi kidogo cha majani makavu ya mgomba kilichofungwa kwa ustadi, ndani yake kahawa za kutafuna. Mwisho, chini kabisa, kindoo cheupe chenye mfuniko. Mwanetu wa mwisho akakifungua, akapiga kelele, akakifunga, kisha akakifungua tena.

"Senene!"

Mke wangu aliutazama mfuko, akanitazama mimi, akaitazama sufuria. Sikupewa nafasi ya kujitetea. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye kibao akimenya vitunguu swaumu vya akiba, ndiye aliyeiokoa hali. "Vinyunyizie maji," akaamuru. Sufuria ikalia shaaa, rangi ikatoka, tukapata dakika chache za kufikiri. Kijana akatumwa mbio bucha ya jirani, ile ile isiyoaminika, akarudi na habari kwamba umebaki ulimi na maini ya mtu aliyeweka oda. Nilipopendekeza kuku wa kisasa, mke wangu aliniuliza kwa upole wa kutisha kama wazazi wake wamesafiri kutoka Tanga kuja kula kuku wa kisasa.

Hapo simu yangu ikaanza kuita. Nikaitazama: mhazini wa kamati ya harusi. Nikaiweka kifudifudi juu ya friji.

Hilo nalo limekuja kutajwa sana katika shutuma dhidi yangu, kwa hiyo nilitolee maelezo. Nilikuwa nimeahidi laki moja. Niliiahidi katika kikao cha kwanza, soda zikiwa zimegawiwa, mwezi ukiwa mchanga, na kila mtu mbele yangu akiwa ametaja laki moja. Sasa mwezi ulikuwa umezeeka. Nilikuwa nimemwandikia mhazini wiki ile ile kwamba hali ni ngumu, anivumilie. Mtu mwenye akili timamu hapokei simu ya mhazini katika tarehe hizo, sembuse akiwa na wakwe sebuleni na vitunguu motoni. Simu ikanyamaza, ikaita tena, ikanyamaza, ikaita.

"Mbona hupokei?" mke wangu akauliza.

"Ni ya kazini."

Wakati huo mama mkwe alikuwa amelichukua gazeti la samaki, akalifungua, akanusa. "Sisi utotoni tulipika pilau la papa mkavu," akasema. "Na watu walikuja kulila kutoka mtaa wa pili. Huyu sangara ana kosa gani?" Akafungua mkoba wake, maana hasafiri bila viungo vyake, akatoa chupa ya bizari aliyoitwanga mwenyewe. Samaki akaanza kuoshwa kwa maji ya moto.

Baba mkwe akatokea mlangoni mwa jiko, baraghashia kichwani, tasbihi mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka sebuleni.

"Subirini kwanza," akasema. "Hiyo ni mali ya mtu."

Kukawa kimya, isipokuwa sufuria. Mzee akaeleza, taratibu, kwa mpangilio wa mtu aliyefundisha maisha yake yote, kwamba kitu kilichookotwa kina hukumu yake: hutangazwa, mwenyewe atafutwe. Chakula kinachoharibika mtu anaweza kukila, ila deni linabaki shingoni mwake. Sasa swali: je, samaki aliyekaushwa huharibika? Amekaushwa hasa ili asiharibike. Kwa hiyo hapo pana mushkeli. Na zaidi, je, hiki ni kitu kilichookotwa kweli? Mkwe hakukiokota, alikabidhiwa. Na aliyekabidhiwa kisicho chake, wakati chake kimekabidhiwa mwingine, huyo ana hukumu ya mwenye kuokota, au ya mwenye kuwekewa amana, au...

"Baba," mke wangu akasema, "maji yamekauka."

"Nakaribia kufika, mwanangu."

Hakufika. Maji yalipokauka sangara aliingia sufuriani, na viungo vikamfuata, na harufu iliyopanda ilikuwa ya kiwango ambacho mzee mwenyewe alinyamaza kidogo kuivuta. "Basi deni," akasema. "Liandikwe." Akanitazama mimi. Kwa nini deni liwe langu, wakati aliyemwaga samaki ni binti yake, hakufafanua.

Kwa kuwa suala la samaki lilikuwa limefungwa kabla hajalimaliza, mzee akahamia kwenye kindoo. Mjukuu alikuwa ameketi nacho kwenye mkeka, akiwa ameshaweka mmoja mdomoni.

"Tema!" mama mkwe akasema.

"Asiteme," mzee akasema. "Tulitazame hili." Maiti halali, akatukumbusha, ni wa aina mbili: samaki na nzige. Senene ana mbawa, anaruka, anakuja kwa makundi msimu wa mvua. Huyu ni nzige au si nzige?

Binti yetu mkubwa, mwenye simu, akasoma kwamba wataalamu wanamwita Ruspolia differens, na kwamba ana papasi ndefu kuliko za nzige, kwa hiyo yeye na nzige ni koo mbili tofauti. Mzee akasema wataalamu wana hesabu zao na wanafiqhi wana zao. Haiwezekani halali na haramu zikapimwa kwa urefu wa papasi. Alichukua senene mmoja, akamwinua kwenye mwanga wa taa, akamgeuza. Walikuwa wameshatolewa mbawa na miguu na kukaangwa vizuri, jambo ambalo mzee alilalamika kuwa limeharibu ushahidi. Akamla. Akakaa kimya, macho juu. Akasema hawezi kutoa jibu kwa mmoja.

Mezani, au niseme mkekani, pilau lilipopakuliwa kwenye sinia, uchunguzi ulikuwa bado unaendelea. Kila hoja ilihitaji kielelezo kimoja zaidi. Ukisema ana miguu ya kurukia, mzee anamchukua mmoja. Ukisema hana, anachukua mwingine. Mimi nilijizuia, kwa adabu ya mkwe, hadi aliponisukumia kindoo na kuniambia nisiwe mwoga wa elimu.

Na pilau? Sitaki kukuza mambo, lakini mama mkwe aliomba ukoko. Mkaa ulikuwa umepaliwa juu ya mfuniko, mchele umesimama punje moja moja, sangara ameacha moshi wake kila mahali. Mke wangu alianza kulegea uso. Nikaona dalili za msamaha. Nilikuwa nimenyoosha mkono kwenye kachumbari, ambayo haikuwa na ndimu wala nyanya, vitunguu na pilipili tu, pale tuliposikia "Hodi!"

Sauti ilikuwa ya mhazini.

Nilifikiri kupitia mlango wa uani. Nasema nilifikiri tu. "Karibuni!" mama mkwe akaitikia kabla sijamaliza kufikiri, na mlangoni akaingia mhazini amebeba mfuko wa bluu, nyuma yake mama mmoja wa makamo, kitenge na tabasamu, na dereva wa bajaji aliyekuja kudai chake.

Yule mama anakaa Segerea. Alipofika kwake akafungua mfuko, akakuta nyama na iliki, akajua kuna nyumba inalia mahali fulani. Akapekua, akaona kadi. Upande mmoja orodha, upande wa pili jina langu na namba ya mhazini. Akampigia. Mhazini akanipigia mimi. Akanipigia tena. Akaeleza haya kwa sauti ya mtu asiye na kinyongo, akiwatazama wakwe zangu, kwamba amepiga mpaka salio likaisha, akaona heri waje wenyewe, maana nyumbani kwangu anapajua, amewahi kuja. Mke wangu alinitazama. "Ya kazini," akasema, polepole.

Wageni hukaribishwa. Wakanawa, wakakaa, wakala. Yule mama alichukua tonge la kwanza, akalitafuna, akasimama kidogo. "Jamani, samaki wenu huyu mtamu. Anafanana sana na wa kwetu."

Hakuna aliyemjibu. Mzee akakohoa, na kwa kuwa ni mtu mkweli akaungama kwa niaba ya nyumba nzima: samaki ni wake, deni limeandikwa, mdaiwa ni huyu hapa. Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Ndizi akasema tubaki nazo, maharage vilevile. Alichokifuata ni kahawa, iliyokuwa salama, na kile kindoo, kilichosafiri kwa basi zaidi ya kilomita 1,000 na alichotaka kumpelekea mkwewe kesho yake.

Mzee akakisogeza. Kilikuwa chepesi. Yule mama akachungulia, akamtazama mzee, akakifunga.

"Tulikuwa tunatafuta hukumu yake," mzee akasema.

"Mmeipata?"

"Bado kidogo."

Yule mama akasema kwao zamani wanawake ndio waliowakusanya senene na kuwaandaa, na wanaume ndio waliowala. Mama mkwe akasema hata kwao Tanga ni hivyo hivyo, ila kwa vitu vyote. Wakapeana namba. Fidia ikakubaliwa papo hapo: gunia la machungwa ya Muheza, msimu ukifika, litakalopakiwa na mzee kule na kupokewa na mimi huku, na kubebwa na mimi hadi Segerea.

Nilidhani imekwisha. Mhazini akanawa mikono, akashukuru, akauchukua ule mfuko wetu uliokuwa umerudi, akaupima mkononi mbele ya watu. "Hii nyama si chini ya kilo tatu," akasema. "Na mfupa kidogo." Kisha akawaeleza wakwe zangu, kwa heshima zote, kwamba anashangaa, maana kaka hapa alimwandikia yeye kwamba mwezi umekuwa mgumu.

Baba mkwe hakusema neno. Aliingiza mkono katika mfuko wa kanzu, akatoa noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua, akampa mhazini. "Mwandikie mkwe wangu," akasema.

Saa nne usiku, wageni wameondoka, nyama iko kwenye friji na hakuna anayezungumza nami, kundi la kamati likapokea ujumbe:

"Wajumbe, taarifa ya michango hadi usiku huu. Mzee wa Tabata: ahadi 100,000. Taslimu 10,000, imetolewa na mkwewe. Baki 90,000. Angalizo: ana nyama, nimeibeba mwenyewe."